Orodha ya spea ndani ya flashi: kumbukumbu ya mradi wangu, Kigoma

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, duka langu la spea za mashine za boti lilipoa. Ndipo nikapata nafasi ya kuhamisha madaftari manne ya spea kwenye laptopu. Nia yangu ilikuwa kubwa zaidi ya kutunza hesabu zangu: nilitaka mafundi wanaonunua kwangu wawe na orodha yote mikononi mwao, waipekue wenyewe.

Wengi wako Kagunga, Mwamgongo na Buhingu. Fundi amefungua mashine ufukweni, mikono imejaa girisi, mtandao unakuja na kupotea. Anapiga: "Kaka, impela ya arobaini ipo?" Impela, ile feni ndogo ya pampu ya maji, ipo, lakini mashine za nguvu za farasi arobaini ziko za aina nyingi: arobaini ipi? Anaisoma namba, upepo unavuma kwenye simu, naisikia nusu. Mzigo unapanda boti Kibirizi, unafika, hauingii. Hapo kuna nauli ya kuurudisha, na mwenye boti amelala njaa siku mbili.

Namba hizo zina mpangilio. Spea ya Yamaha ina mafungu: alama tatu za mwanzo zinaonyesha aina ya mashine ambayo spea ilitengenezewa kwanza, na tarakimu tano za katikati zinataja spea yenyewe. 44352 ni impela ya pampu ya maji, iwe ya mashine ndogo au kubwa. Fundi akiandika hizo tano tu, impela zote nilizonazo zinajipanga mbele yake. Kwa hiyo kila namba niliikata mafungu matatu, kila fungu na safu yake.

Septemba 2024. Kuchagua programu. Nilianza na Microsoft Access. Ina toleo la bure la kutumia kazi iliyokwisha kutengenezwa, Access Runtime, ila ni la Windows peke yake na lazima lisakinishwe. Nikahamia SQLite. Kanzidata yote, yaani ghala la taarifa zilizopangwa kwa majedwali, ni faili moja, haihitaji seva (programu nyingine ya kuihudumia pembeni), haihitaji intaneti. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 akiwa kwenye mradi wa programu za meli ya kivita ya Marekani. Kanzidata waliyokuwa nayo ilitegemea seva, na seva ikizimika programu yake haikuweza kufanya kazi. Niliposoma hivyo niliwaza boti zetu: ukishaliacha gati, kinachokusaidia ni ulichopakia.

Kwa upande wa mteja nilichagua DB Browser for SQLite, programu ya kufungulia na kupekua faili hilo. Ni ya bure, programu huria, na kwa Windows lipo toleo linalofunguka kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Juu ya kila safu kuna kisanduku cha kuchujia. Unaandika 44352, basi. Ukipenda unafungua faili kwa kusoma tu, usije ukagusa kitu kwa bahati mbaya.

Oktoba. Flashi ya kwanza ilikwenda Kagunga. Siku ya tatu fundi akanipigia: spea za mashine yake ya nguvu za farasi 15 hazionekani. Alikuwa anatafuta 6E7, alama tatu za mwanzo za mashine hiyo. Nikafungua laptopu, nikatafuta, kweli hakuna. Nikaanza kushuka mstari kwa mstari, na kwenye safu ya aina ya mashine nikakuta 60000000.

Milioni sitini! Nilikaa na hiyo namba hadi usiku. Mistari niliyoingiza mwanzo ilikuwa 676, 682, 689, tarakimu tupu, nami nikaitangaza safu ile kuwa ya namba. SQLite ikikuta 6E7 kwenye safu ya namba inaisoma kwa lugha ya wanasayansi, yaani sita ikifuatwa na sifuri saba. 6E0 nayo ikawa 6. Zile za 66T na 63V hazikuguswa kwa sababu hazisomeki kama namba kwa namna yoyote, na ndiyo maana sikushtuka mapema. Fungu la mwisho la namba nilikuwa nimeliweka kama maandishi tangu mwanzo ili 00 isigeuke 0; fungu la kwanza halikunijia akilini. Nilitengeneza jedwali upya, safu zote tatu zikiwa maandishi, nikarudi kwenye daftari na kuingiza mistari yote ya E kwa mkono.

Novemba. Hili liliniuma zaidi. Faili langu la dukani lina bei za kununulia na madeni ya watu. Kabla ya kugawa nilikuwa nalinakili, nafuta jedwali la madeni, naweka kwenye flashi. Jioni moja nikagundua kwamba ukubwa wa faili haupungui hata nikifuta. Nikalifungua kwa Notepad. Katikati ya alama zisizosomeka likatokeza jina la fundi mmoja mzee, na pembeni yake 85000.

SQLite ikifuta, kwa kawaida inaweka tu alama kwamba kurasa zile ziko wazi kutumika tena. Maandishi yanabaki hadi yaandikwe juu yake au utoe amri ya VACUUM, ambayo DB Browser inaiita Compact Database. Flashi moja ilikuwa imeshafika Buhingu. Nikaomba irudishwe na boti ya kwanza, ikarudi. Kisha nikampigia yule mzee nikamweleza yote na kumwomba radhi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Umefanya vema kuniambia mwanangu, ila deni langu ni la kwangu na wewe." Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, lakini sauti ya yule mzee ndiyo iliyonifanya nibadili utaratibu usiku uleule.

Sasa sinakili tena. Kila toleo linajengwa kutoka faili tupu: natengeneza kanzidata mpya, naiunganisha na ya duka kwa amri ya ATTACH, kisha nachukua safu sita tu: mafungu matatu ya namba, jina la spea, bei ya kuuzia na idadi iliyopo. Bei za kununulia na madeni hazijawahi kuingia humo, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Jina la faili linabeba tarehe, mwaka kwanza, ili matoleo yajipange yenyewe: vipuri_2025-01-11.db.

Januari 2025. Flashi tano ziko njiani au zimeshafika. Jana nilipokea ujumbe kutoka Mwamgongo, namba nzima pamoja na viunganishi vyake, bei na idadi, na neno moja mwishoni: "Pakia." Nilishusha boksi, nikalinganisha namba ya kwenye pakiti na ya kwenye simu, nikampelekea nahodha Kibirizi kabla boti haijajaa. Kazi iliyobaki ni wale wenye simu tu, wasio na laptopu. Wiki hii naanza kujaribu programu za bure za kusomea faili hilohilo kwenye Android.