Meza yangu ya mbao na epoksi
Leo nimemaliza kupiga msasa meza niliyoianza wiki tatu zilizopita. Ubao ulikuwa na nyufa ndefu na tundu la fundo, nami sikutaka kuvificha, nikavijaza epoksi angavu, yaani gundi ya majimaji inayoganda na kuwa ngumu. Kumbe mbao hupumua! Mara ya kwanza nilimimina bila kuziba vitundu vyake. Viputo vya hewa vikapanda usiku kucha, vikagandia humo humo. Iliniuma. Nikachimbua yote, nikapaka kwanza tabaka jembamba la epoksi kuziba vitundu, likakauka, ndipo nikamimina kwa awamu, maana epoksi nyingi kwa mkupuo mmoja huchemka na kupasuka. Msasa nilianza namba 80, ulio mkali, hadi 2000, ulio laini kabisa, ile ya mwisho kwa maji. Sasa mwanga ukiingia kwenye ufa, unaona nyuzi za mbao mpaka chini kabisa.