Mwanya wa Mama

Aprili 2020, Nairobi ikiwa kwenye kafyu ya saa moja jioni, nilijifungia chumbani kwetu Umoja na kompyuta kuukuu, nikajifunza kuchora kwa kufuatiza picha. Programu za kulipia sikuziweza; nilipakua Inkscape, maana ni ya bure.

Nilianza na picha ya mama akiwa msichana, kapigwa na wale wapiga picha wa Uhuru Park. Anacheka, kibeti kwapani.

Kwanza nilitafuta njia ya mkato: programu ifuatize yenyewe. Kivuli cha shavu kikageuka doa jeusi, mama akawa kama aliyetoka kusugua sufuria. Nikafuta. Nikaiweka picha tabaka la chini, nikaififiza hadi nusu, nikaifunga isisogee, kisha nikachora kwenye tabaka la juu. Kalamu yenyewe haiburuzwi kama penseli. Unabofya nukta, unavuta, mstari unajipinda. Nami, kwa pupa, nikamwaga nukta kila mahali, mstari ukatetemeka kama mwandiko wa chekechea. Kumbe taya zima lilitaka nukta 4 tu.

Siku tatu nilichora kila nilichokiona, mikunjo ya kicheko, meno moja moja, nikampelekea sebuleni. Akavaa miwani.

"Huyu ni nyanyako."

Niliudhika, sitaficha. Mistari yote nilikuwa nimeitoa usoni pake! Usiku ndipo nikaelewa: kwenye picha kivuli ni kivuli, ukikitilia mstari kinakuwa kunyanzi. Nikaanza kung'oa. Mikunjo ikaenda, mistari ya meno ikaenda, kinywa nikakiacha cheupe kitupu. Kila nilipofuta, msichana wa Uhuru Park alizidi kurudi.

Asubuhi mama aliikodolea macho hadi chai ikapoa.

"Sasa ndiye mimi. Lakini mwanya wangu umeupeleka wapi?"

"Nimetoa meno yote, mama."

"Meno toa. Mwanya ndio uliomfanya babako akose basi lake."

Hadithi hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Nikarudi kwenye kompyuta, nikakuza picha mpaka kinywa kikajaa kioo, nikatia kijistari kimoja cheusi katikati ya meno ya mbele, kinene juu, chembamba chini. Mama alikuwa ameinama begani kwangu.

"Panua kidogo," akasema.