Matundu ya Ford ya 1929

Yule mzee alikuwa na sheria moja gerejini kwake: kitu ambacho kijana wa mwaka 1951 asingeweza kukipata, hakipandi kwenye hotirodi yake, yaani Ford kuukuu iliyopunguzwa uzito na kupewa injini yenye nguvu kwa ajili ya mbio. Kwa hiyo rimu zilikuwa za inchi 16, breki za mafuta zilitoka kwenye Ford ya 1940, giaboksi ya 1939, na injini ilikuwa ile V8 ya Ford, silinda nane kwa umbo la V, yenye valvu ndani ya bloku, lita 3.9, ya matoleo ya 1949 hadi 1953. Juu yake zilikaa kabureta mbili za Stromberg 97. Injini zile huchemsha haraka, maana moshi hupita ndani ya bloku kabla ya kufika kwenye eksozi, nami nikamshauri afunge feni ya umeme. Aliniangalia, hakujibu, akaenda kujimiminia kahawa.

Mimi ni fundi bodi. Kazi nilijifunzia mtaa wa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, kabla sijaja Ohio, Marekani. Mzee alikuwa amestaafu baada ya kiwanda cha magari cha Moraine, jirani na Dayton, kufungwa Desemba 2008. Mwaka 2014 Wachina walilinunua jengo lile lile, wakaanza kutengeneza humo vioo vya magari, na mimi nikapata kibarua cha shifti ya usiku. Alikuwa anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Siku moja akapita akaniona nanyoosha mlango wa Corolla yangu kwa nyundo, nyuma nimeshikizia kipande cha reli. Akasimamisha gari, akashuka. Mzee wa kwetu angeanza na salamu. Huyu alianza na swali.

"Hiyo reli umeitoa wapi?"

Wiki iliyofuata nilikuwa gerejini kwake.

Kwa asiyezijua hotirodi: kabla ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa kusini mwa California walikuwa wananunua Ford kuukuu kwa bei ya kutupa, wanang'oa madigadi na kila kinachoongeza uzito, kisha wanakwenda kushindana Muroc, ziwa lililokauka likaacha sakafu ngumu ya udongo. Mwaka 1937 klabu zao ziliungana wakaunda chama cha kupima muda, SCTA, ambacho mpaka leo kinaendesha mbio El Mirage, ziwa jingine kavu, na kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville. Chasisi waliyoililia zaidi ni ya 1932, mwaka ambao Ford alileta V8 ya bei nafuu, nguvu farasi 65. Ukiichukua hiyo ukaipandishia bodi nyepesi isiyo na paa ya Model A, Ford iliyoitangulia, unapata rodsta ya aina aliyoitaka mzee. Hakuna mhandisi aliyekaa akaichora. Ni spea za gari hili zimelazimishwa kwenye gari lile. Gerezani hiyo ni kazi ya kila siku, ila kule hakuna anayekupiga picha.

Bodi yenyewe ilikuwa ya Model A ya 1929, imelala miaka na miaka kwenye majani ya shamba la mtu, na wawindaji walikuwa wameifanya shabaha. Si mbali na Dayton, mji wa Brookville, kuna karakana inayotengeneza bodi mpya za rodsta za Ford, za chuma kweli, zimenyooka, hazina kutu. Mimi ningenunua hiyo nikalala usingizi wangu. Mzee hakutaka hata kuisikia. Alitaka bati lile lile la 1929 na matundu yake.

Matundu tuliyaziba kwanza kwa gesi. Kila tundu lilikuwa na kingo zilizopinda kwenda ndani. Unazirudisha kwa nyundo taratibu, unachomelea kwa tochi yenye mdomo mdogo, kisha unagonga kidonda kikiwa bado cha moto. Bati likivimba, unalipasha mpaka liwe jekundu padogo tu halafu unalibana na kitambaa chenye maji, linajikunja lenyewe. Hapo nilikuwa nyumbani. Kilichobaki ni mabonde madogo ambayo fundi yeyote wa leo angeyajaza puti akaenda kula. Lakini puti ya plastiki haikuwa kitu cha vijana wa 1951, kwa hiyo mzee alileta vipande vya madini ya risasi yaliyochanganywa na bati jeupe, asilimia 70 kwa 30.

Alijua kila kitu kuhusu kazi ile isipokuwa mikono yake ilikuwa inatetemeka. Tochi hakuweza kuishika. Ilikuwa Jumamosi ya baridi kali, saa nne asubuhi, Dar saa kumi na mbili jioni. Kabla sijawasha moto nikampigia fundi wangu wa Gerezani, aliyenifunza kazi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, baba. Huko theluji?"

"Theluji. Fundi, umewahi kujaza bodi kwa risasi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Nilifundishwa na Kalasinga, nikiwa kijana mdogo. Peugeot 404 tulikuwa tunazijaza hivyo. Nyinyi mmezaliwa mmeikuta puti. Huyo mzungu wako ana mbao?"

"Anacho kibao cha mti mgumu."

"Kipake nta ya nyuki. Moto usikae mahali pamoja, upeleke na kuurudisha. Ukiona risasi imeanza kung'aa umeshachelewa, itakuangukia miguuni."

Mzee akauliza anasema nini. Nikamweleza. Akatikisa kichwa kukubali, akaweka kopo la nta mezani. Lilikuwa tayari mfukoni mwake. Walipishana kwenye jambo moja: Fundi alisema mwisho nisawazishe kwa kitambaa cha pamba, mzee akasema kibao tu, kitambaa kinachimba. Nilifuata kibao, kwa sababu mwenye gari ndiye aliyekuwa amesimama mgongoni kwangu.

Kwanza unasugua chuma mpaka kiwe cheupe, unakipaka dawa ya kulehemu, unakipasha, unakifuta na bati jeupe jembamba ili risasi ipate pa kushika. Usipofanya hivyo itakaa siku mbili ibanduke yote. Halafu unapasha ncha ya kipande na bodi kwa pamoja. Mchanganyiko ule huanza kulegea kwenye nyuzi 183, na kuyeyuka kabisa kwenye 255 hivi. Kazi yote iko katikati ya hizo namba mbili, pale risasi inapokuwa kama ugali unaoanza kushika, unaweza kuusukuma nao ukakaa ulipousukuma, hata kwenye ukuta uliosimama wima. Moto ukipungua kidogo inakuwa mawe. Ukizidi, sakafuni. Ubavu wa nyuma ulinichukua hadi adhuhuri, na jasho lilinitoka huku maji ya kunywa yakiwa yameganda kwenye ndoo nje.

Kusawazisha ni kwa tupa yenye upinde, siyo msasa. Vumbi la risasi ni sumu. Tulivaa barakoa, tukafagia chenga zote, na mzee hakuniruhusu kugusa hata biskuti kabla ya kunawa mpaka kwenye viwiko. Kisha alivaa glovu ya pamba, akafumba macho, akapitisha kiganja kwenye ubavu wote, polepole, mkono ule ule unaotetemeka. Akasimama mahali pawili. "Hapa. Na hapa." Mimi kwa macho sikuona kitu. Nikaweka ubapa wa rula, mwanga ukapita chini yake sehemu zote mbili.

Likabaki tundu moja, nyuma kushoto, chini ya buti. Mzee akaniambia niliache. Nikamwambia maji yataingia, kutu itaanzia hapo, baada ya miaka mitano atanitafuta. Akasema baada ya miaka mitano yeye atakuwa na shida nyingine. Tulibishana pale hadi kahawa ikapoa. Kwa fundi bodi kuacha tundu wazi ni kama kukabidhi kazi nusu, na bado naamini hivyo. Lakini gari ni lake. Aliporudi ndani ya nyumba nilipaka rangi ya kuzuia kutu kwa ndani ya tundu, pembeni zote, wala sikumwuliza.

Jioni ile nilimtumia Fundi picha za ubavu, karibu, kwa pembeni, mwanga umepita vizuri. Nilikuwa nasubiri sifa. Sauti yake ikaingia asubuhi yao, nyuma yake nyundo zinagonga bati:

"Kazi safi, baba. Lakini nyuma hapo umesahau tundu."