Bega langu na mashine ya kupasulia kuni

Bega langu la kulia lilifika mahali hata kuanika shati kwenye kamba siwezi. Miaka yote nimechanja kuni kwa shoka la kilo tatu na ushee, na kila nilipolalamika nilipewa jibu lile lile: nunua mashine ya kupasulia yenye tani nyingi, yaani nguvu kubwa ya kulisukumia gogo kwenye kabari, utapona. Ushauri huo ulinila miezi minane na pesa ambazo nikizikumbuka bado naumia.

Nilianza na ile ya pampu ya mkono kwa sababu bei ilikuwa nafuu na muuzaji aliniapia kwamba ina tani 10. Kweli inazo, lakini anayezitoa ni wewe mwenyewe. Ina vyuma viwili vya kupampia: kimoja cha kusogeza haraka, kingine cha kusukuma kwa nguvu. Gogo likiwa na kifundo unapampu, unapampu, na kisukumio cha gogo kinatembea kama konokono. Siku moja nilihesabu: gogo moja la mkaratusi mkavu, pampu 43. Jioni bega lilikuwa afadhali kidogo, ila kiwiko kimevimba. Maumivu yalikuwa yamehama tu.

Nikaazima ya petroli, tani 25. Nguvu inayo, hakuna gogo lililoishinda. Lakini ile kamba ya kuiwashia, ukiivuta kwa bega bovu, machozi yanakutoka. Tena ni nzito mno, haisogei, kwa hiyo kuni ndizo zinaifuata. Ukiisimamisha wima, gogo zito unalibingirisha mpaka chini ya kabari bila kulinyanyua, na mwenye magogo manene sana simshauri achukue nyingine. Yangu mengi ni ya unene wa paja. Kwa hayo nilikuwa nainama kila dakika, na siku ya pili kiuno kikagoma.

Hapo ndipo nilipokaa kwenye kisiki nikahesabu mienendo yangu. Kwa gogo moja shoka nililipiga mara mbili, tatu. Kuinama je? Kuokota gogo, kulisimamisha, kuokota vipande, kuvirudisha vipasuliwe tena, kuvitupa kwenye toroli: mara sita, saba. Kumbe siku zote nilikuwa nauliza tani wakati kilichoniumiza ni kimo!

Nikachukua ya umeme, tani 5, ya kulala. Watu walisema haina nguvu. Nikaipandisha kwenye benchi la mbao nene nililolipigilia misumari mwenyewe, juu yake pawe sawa na kiuno changu, na pembeni meza ya kimo hicho hicho. Magogo yanateleza kutoka mezani hadi kwenye mashine, vipande vinateleza kwenda upande wa pili. Tena siku hizi nakata magogo sentimita 35, ingawa mashine inameza hata 50. Yanakuwa mepesi na yanapasuka upesi. Mkaratusi naupasua ungali mbichi, maana ukikauka nyuzi zake zilizosokotana zinashikana kama kamba.

Wiki ya kwanza mota ilikuwa inanguruma na kuzimika, nikadhani nimeuziwa kitu kibovu. Tatizo lilikuwa waya wangu, mrefu na mwembamba. Nilipoweka mnene na mfupi, ikatulia. Na ile skrubu ya kupitishia hewa kwenye tangi la mafuta yanayoendesha kisukumio lazima ilegezwe kabla ya kuanza kazi, vinginevyo unaziua sili, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje.

Kisha likaja gogo la panda. Kabari iliingia nusu, ikanasa kabisa. Fundi mmoja aliniambia ligonge kwa nyundo litoke. Nikagonga, na kila pigo lilirudi begani. Usigonge! Wala usiendelee kushikilia mashine isukume, mafuta yanachemka bure. Nilichofanya ni hiki: nilirudisha kisukumio nyuma, nikachonga kipande cha mbao chembamba mbele na kinene nyuma, nikakilaza mbele ya kisukumio, ncha ikiwa chini ya gogo. Nikasukuma taratibu. Mbao ikaingia chini, ikalinyanyua gogo sentimita moja, mbili, likalia kwaa, likachomoka lenyewe kwenye kabari. Nikaligeuza upande mwingine, likapasuka kwa mkupuo mmoja. Kile kipande cha mbao nimekitoboa tundu, kinaning'inia kwenye benchi mpaka leo.

Bega bado si la ujana, lakini shati naanika.

Jambo moja tu linaniudhi. Mashine hii haisukumi mpaka mkono mmoja ushike swichi na wa pili ushike mpini. Wako wanaonishauri niufunge mpini kwa kamba ili mkono mmoja ushikilie gogo, eti kazi iende haraka. Mikono yote miwili inashikishwa kazi ili hata kidole kimoja kisiwe karibu na kabari. Kamba hiyo haitafungwa hapa kwangu, na anayekuja kunisaidia kuni namwambia hivyo kabla sijachomeka waya.