Umezima Jiko, Hujazima Karai

Kahawa ninayoikumbuka kuliko zote nilizowahi kukaanga nyumbani ni ile niliyoiunguza wakati jiko lilikuwa limekwisha kuzimwa. Kwa kweli siku hiyo niliharibu kahawa mara mbili, lakini kosa la kwanza lilikuwa la kawaida tu, nami nitalipita haraka.

Nilikuwa nimepewa kilo moja ya buni mbichi, na ninakiri kwamba nilipoufungua mfuko nilivunjika moyo. Mimi niliyezoea kahawa ya unga, iliyokwisha kukaangwa na kusagwa na wengine, nilikuta punje ngumu kama kokoto, zenye rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, zikinuka nyasi kavu. Nilitumia wiki nzima kusoma kabla ya kuthubutu kuzigusa. Nilijifunza kwamba buni mbichi huwa na maji ya asilimia 10 hadi 12, kwamba zikifikia joto la nyuzi 200 hivi hupasuka kwa mara ya kwanza kwa mlio unaofanana na wa bisi, na kwamba zikikaribia nyuzi 225 hupasuka tena. Nikayaandika hayo yote kwenye karatasi na kuibandika ukutani, juu ya jiko.

Wiki hiyo tulikuwa na mgeni, mjomba wangu, ambaye alikuwa amestaafu kazi ya kuchomelea vyuma. Alivuta kigoda karibu na mlango wa jiko, akaitazama karatasi yangu kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Mpwa wangu, hiyo karatasi ndiyo itakayopika?" Nikacheka, lakini sikuibandua.

Kosa la kwanza lilikuwa la wingi. Nilimwaga nusu kilo nzima katika karai la chuma, zikawa lundo ambalo mwiko haukuweza kuligeuza sawasawa. Zilizokuwa chini zikapata madoa meusi huku za juu zikiwa bado za kijani. Ukizitafuna zilikuwa chungu nje na mbichi ndani. Nilizitupa.

Mara ya pili nilipima gramu 200 tu, zikatanda kwa tabaka jembamba, nami nikazikoroga bila kupumzika. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nimekisoma. Katika dakika za mwanzo maji hutoka, na ile harufu ya nyasi huzidi hata ukadhani umekosea. Kisha buni hugeuka manjano, na harufu hubadilika ikawa ya mkate unaoiva. Baada ya hapo huja rangi ya hudhurungi, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na kuungana kwa sukari na asidi za amino katika joto, jambo ambalo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Wakati huo huo ngozi nyembamba iliyoishikilia kila punje hubambuka, na makapi yake mepesi yalikuwa yakiruka kila nilipogeuza mwiko, mengine yakinitua kwenye nywele.

Karibu na dakika ya kumi nikasikia mlio wa kwanza, mkavu, kisha mwingine, kisha mingi kwa pamoja. Nilisubiri mpaka ikaanza kupungua, kwa kuwa nilitaka kahawa isiyokolea sana, ambayo bado ina uchachu wake. Nikazima jiko kwa fahari, nikaweka mwiko chini, nikaenda ukutani kuandika muda.

Nilikuwa bado nimeshika kalamu niliposikia milio mipya nyuma yangu. Hii haikuwa kama ile ya kwanza. Ilikuwa laini, ya haraka, kama majani makavu yanayofikichwa mkononi. Nilipogeuka, moshi wa buluu ulikuwa umelifunika karai, na punje zimeanza kung'aa kwa mafuta. Nilisimama nikilitazama jiko lililozimwa, nisiweze kuamini. Mjomba ndiye aliyeinuka, akakunja kitambaa mara mbili, akalishika karai na kumimina kila kitu kwenye sinia pana la bati.

"Umezima jiko," alisema, "hujazima karai."

Akanieleza, kwa maneno ya mtu aliyeishi na vyuma, kwamba chuma kinene hakijui kuwa umezima moto. Joto ambalo kimekwisha kulinywa hulitoa polepole, na chochote kilichokigusa kitaendelea kuiva. Asilolijua yeye, na ambalo mimi nilikuwa nimelisoma nikalipuuza, ni kwamba buni zinapopasuka huanza kutoa joto lao wenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nimeziacha kati ya joto la namna mbili, nami niko ukutani naandika.

Tulikaanga mara ya tatu tukiwa wawili. Nilifungua dirisha, nikatayarisha vichujio viwili vikubwa vya waya, na safari hii sikuitazama karatasi. Milio ya kwanza ilipoanza kuachana, Mjomba akasema "Sasa!", nami nikamimina. Tukazirusha buni kutoka kichujio kimoja hadi kingine huku makapi yakipeperuka, mpaka baada ya dakika tatu hivi nikaweza kuzishika mkononi. Nilipozipima, gramu 200 zilikuwa zimebaki 171, ingawa kwa macho zilionekana nyingi kuliko mwanzo, kwa maana buni hupoteza maji lakini huvimba.

Nikazitia zote katika kopo na kulifunga kabisa, nikidhani nimefanya vyema. Asubuhi kifuniko kilikuwa kimevimba, na nilipokilegeza kikatoa pumzi, kwani kahawa iliyotoka kukaangwa huendelea kutoa hewa ya ukaa kwa siku kadhaa. Tangu wakati huo huacha upenyo.

Siku ya pili nilisaga, nikachemsha maji, nikatengeneza vikombe viwili, kimoja cha kahawa iliyofanikiwa na kimoja cha ile iliyoungua, ili Mjomba aone tofauti. Ile nzuri ilikuwa na utamu wa mbali na uchachu kama wa tunda, nami nilijipongeza kimyakimya. Mjomba akaonja ya kwanza, akakunja uso kidogo, akakirudisha kikombe mezani. Akaonja ya pili, chungu, nyeusi, yenye moshi, akainywa mpaka mwisho.

"Hii ndiyo kahawa," alisema. Alipoondoka Jumatatu alikwenda na ile iliyoungua yote, nimemfungia katika karatasi niliyoibandua ukutani.