Nilivyoiona Vesta kwa mbinu ya mwalimu Alcock

Jina la George Alcock nililikuta kwenye kibao cha kumbukumbu ndani ya kanisa kuu la Peterborough, Uingereza, siku nilipoingia kukwepa mvua. Alikuwa mwalimu wa shule, akiishi Farcet, kijiji cha jirani tu. Hakuna aliyemlipa kutazama anga, lakini hadi anafariki mwaka 2000 alikuwa amegundua nyotamkia 5 na nova 5, yaani nyota zinazong'aa ghafla kisha kufifia. Nyotamkia ya mwisho, ya Mei 1983, aliinasa akiwa amepiga magoti ndani ya nyumba, ghorofani, dirisha limefungwa!

Kuna asteroidi, yaani mwamba unaozunguka Jua, yenye jina lake, 3174 Alcock, katika ukanda mkuu kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwanaastronomia Edward Bowell aliigundua mwaka 1984 kule Arizona. Nikataka kuiona. Haiwezekani, si kwa binokula yangu ya 10x50. Ni hafifu mno. Basi nikashuka kwa Vesta, asteroidi nyingine iliyo angavu zaidi, ambayo mwanzoni mwa Mei 2025 ilikuwa inang'aa vizuri katika kundinyota la Mizani.

Nikaanza kama mzee Alcock, dirishani. Kioo changu ni cha tabaka mbili, na kila nilipoinamisha binokula nyota moja ikawa na pacha wake pembeni. Sijui yeye aliwezaje. Nikatoka uani, viwiko juu ya pipa la taka ili mikono isitetemeke. Mke wangu akafungua mlango wa jikoni: "Baba Salma, majirani watasema unachungulia watu."

Tatizo la asteroidi ni kwamba haina umbo wala mkia. Ni nukta kama nukta nyingine, na huijui mpaka ihame. Alcock alikuwa na mpangilio wa nyota zaidi ya 30,000 kichwani, kwa hiyo mgeni akiingia alimtambua papo hapo. Mimi nilihitaji nyota kumi na moja tu, na hata hizo nilizichora nyuma ya risiti ya dukani, kwa tochi niliyoifunika kitambaa chekundu ili macho yasipoteze mazoea ya giza. Mchoro wa kwanza ulikuwa ovyo. Nilikuwa nimegeuza kushoto na kulia. Nikaurudia, safari hii nikitaja kwa sauti: pembetatu, mkia wa tiara, nyota mbili zinazogusana.

Usiku wa pili, mawingu.

Usiku wa tatu nikaweka risiti juu ya pipa na kuhesabu. Kumi zilikuwepo. Ya saba haikuwa mahali pake. Ilikuwa imesogea kuelekea magharibi, karibu upana wa mwezi mpevu. Nikahesabu tena, mara nne nadhani, kisha nikaenda kumwita mama Salma. Akatazama kwa muda mrefu, kanga mabegani.

"Mbona ni nyota tu?"

Nikampa risiti na tochi, nikamwambia ahesabu mwenyewe.