Kula Pweza Lindi Siku za Maji Mafu

Mama yangu anaishi Singida na hajawahi kuiona bahari ila katika televisheni. Jioni moja alinipigia simu kuniuliza kama nilikuwa nimekiona kipindi cha mapishi kilichoonyesha mgahawa mmoja wa Lindi, uliopo kwa zaidi ya miaka 30, ambao bado unapika pweza wa nazi kwa kuni. Nilikuwa nimekiona. Kilichomvutia mama hakikuwa pweza, kwa kuwa yeye huamini kwamba kiumbe chenye mikono minane hakikuumbwa ili kiliwe; kilichomvutia ni mkono wa mzee mmoja uliokuwa ukimega tonge la ugali wa muhogo na kulichovya katika mchuzi, kidole chake cha shahada kikiwa kimepinda kuelekea nje kana kwamba kinamwelekeza mtu njia. Uso wa mzee haukuonyeshwa. "Huyo anakula kama marehemu babu yako," mama alisema, na kutoka kinywani mwake hiyo ni sifa kubwa.

Basi niliomba ruhusa ya siku tatu kazini, nikapanda basi la alfajiri pale Mbagala. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni kilometa 450 hivi, na sehemu kubwa ya kilometa hizo niliimaliza magoti yangu yakiwa juu ya gunia la mchele la abiria mwenzangu, ambaye kila lilipoyumba alinisihi nilishike vizuri. Mahali tuliposhushwa kwa robo saa ili tule, chipsi na paja la kuku viliuzwa shilingi 8,000. Mtu wa Singida anapouziwa paja la kuku wa kisasa kwa bei hiyo ana haki ya kunung'unika, nami nilinung'unika hadi Somanga, ambako abiria walinyamaza wote kutazama madaraja, kwa sababu mvua za Mei 2024 ziliikata barabara hiyo na kila mmoja alikuwa na ndugu aliyekwama siku zile. Kuhusu nyumba ya wageni niliyolala sina la kusema, ila kwamba feni ilikuwapo na umeme haukuwapo.

Mgahawa wenyewe haukuwa mbali na mahali ambapo watu husubiri pantoni ya kwenda Kitunda. Nje palikuwa na bango jipya lenye picha ya sahani ya pweza na maneno "Kama ulivyoona kwenye TV". Ubao wa zamani wa bei, ulioandikwa kwa chaki, ulikuwa umesogezwa nyuma ya friji, ukionekana kwa nusu tu. Nilimwagiza kijana pweza wa nazi kwa ugali wa muhogo. Alinijibu kwamba pweza yupo, ni shilingi 15,000, lakini ugali wa muhogo ni kwa oda, kwa hiyo nitaletewa wa sembe. Nilisubiri dakika hamsini. Tui, nikilisema kwa haki, lilikuwa tui la kweli, zito, lililokunwa na kukamuliwa siku hiyohiyo, na limao halikuwa limezidi. Pweza ndiye aliyenisikitisha: alikuwa laini kupita kiasi, na kila nilipomtafuna nilikutana kwanza na maji, kisha kwa mbali nikapata ladha.

Nilipoinua macho ili nimtafute kijana nimlalamikie, niliuona mkono. Ulikuwa meza ya pili kutoka yangu, gizani kidogo karibu na mlango wa jikoni, ukimega ugali wa muhogo kwa changu wa mchuzi, na kidole cha shahada kilikuwa kilekile, kimepinda vilevile. Ninakiri kwamba nilisimama kama mtu aliyemwona jamaa yake stendi.

"Shikamoo mzee. Samahani, mkono wako nimeuona kwenye televisheni."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, akautazama mkono wake kabla ya kunitazama mimi. "Watu wote wameuona, isipokuwa mimi. Sina king'amuzi."

Alinikaribisha nikae. Kwa mujibu wa maelezo yake, meza ya dirishani ilikuwa yake tangu zama ambazo gari la Dar lilivushwa mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, yaani kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wakati ambapo abiria wa kusini angeweza kukwama siku kadhaa masika na kufika Lindi akiwa na njaa isiyochagua. Wapiga picha walipofika walimwomba aondoke dirishani kwa sababu ya mwanga, wakamweka kijana mtanashati mahali pake. Kijana yule alishindwa kuumega ugali wa muhogo. Ulimvutika vidoleni, akaomba kijiko. Hapo ndipo mzee alipoitwa arudi, akaambiwa asitazame kamera bali ale tu. "Nami nilikula kweli," alisema. "Wao wakamaliza, mimi sijamaliza." Walipoondoka, meza ya dirishani ikawa ya wageni.

Nilimweleza habari ya pweza wangu. Akaniuliza, "Leo mwezi ngapi?" Nikamjibu kwamba ni mwezi wa kumi. Alicheka hadi akaweka tonge chini. Hakuwa akiuliza Oktoba. Alikuwa akiuliza siku ya mwezi wa angani, na kwa hesabu yake ilikuwa mwezi tisa, maana yake maji mafu. Alinifafanulia kwa subira, kama anavyofundishwa mtu wa bara, kwamba pweza hukaa katika mashimo ya miamba, na wanaomvua kwa mkuki hutembea kwa miguu pale maji yanapokupwa sana, jambo linalotokea siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati ya vipindi hivyo viwili maji hayajai sana wala hayakupwi sana, na mwamba hauonekani. "Wale wa televisheni walikuja bamvua. Wewe umekuja maji mafu, umekula wa friji. Barafu inamlainisha, ndiyo, lakini inamwachia maji."

Hapo nikauliza bei ya changu wake, nikajibiwa kuwa ni shilingi 4,000, ugali ndani yake.

"Wewe," mzee aliniambia bila kejeli yoyote, "umelipa na ile televisheni."

Mwenye mgahawa, bibi mwenye kanga iliyofungwa kiunoni kwa kazi, alikuwa ametusikia. Nilitegemea aone haya, hakuona. Alisema kwamba zamani alipika kilichotoka baharini na asiyekipenda alikwenda kwingine, lakini sasa watu wanashuka Lindi kwa ajili ya sahani moja. "Mgeni ameomba ruhusa kazini, amelipa nauli. Nimwambie arudi baada ya siku sita?" Friji ni lake, umeme ni wake, na hasara ya umeme ukikatika ni yake pia. Sikuwa na jibu, kwa kuwa mgeni huyo aliyeomba ruhusa kazini alikuwa mimi. Hata hivyo bado ninaona kwamba 15,000 ni nyingi, na kwamba picha ya bangoni ingepaswa kutaja barafu.

Mzee alilisogeza sinia lake katikati, akasema, "Mega." Nilitazama kwanza. Alilowesha ncha za vidole majini, akakata kipande kwa kukizungusha badala ya kukivuta, akakifinyanga kwa vidole vitatu, halafu kwa dole gumba akakitia kishimo cha kuchotea mchuzi. Kile kidole kilichopinda hakikugusa chochote. Langu lilikatika mara ya tatu. Ugali ule una uchachu mdogo unaokuja nyuma ya ulimi, nao ulinikumbusha ugali wa uwele wa kwetu, ambao babu aliula na mlenda akiwa kwenye kigoda kilekile kando ya moshi. Nilifikiri kwamba wapiga picha wakienda jikoni kwa mama watamwambia asogeze kigoda hicho kwenye mwanga, naye, kwa heshima ya wageni, atakisogeza.

Kesho yake asubuhi, stendi, nilinunua mfuko wa ming'oko ya kuchemsha kwa shilingi 1,000, chakula pekee cha safari nzima ambacho sikukilalamikia bei, nikaimenya taratibu hadi Rufiji. Kabla ya darajani nilimpigia mama. Nilimsimulia yote: meza ya dirishani, kijana wa kijiko, bamvua na maji mafu, shilingi 15,000 kwa 4,000. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza:

"Na hicho kidole kilipindaje?"

Hilo sikuwa nimemuuliza.